Lile Goli la Kanzenze

Solange mwanangu,

Hali yako sikuulizi kwa sababu naijua. Asubuhi hii umekula viazi sahani mbili, ukaongeza maharage juu, ukasema safari ndefu haitaki mtu mwepesi. Sasa ni saa tisa mchana. Umeenda Nyundo kumuaga shangazi yako, na namjua shangazi yako, hatakuachia kabla hajakusimulia goti lake la kushoto na halafu la kulia, kwa hiyo nina muda. Baba yako amekaa nje anapiga viatu vyako kiwi. Viatu ni vipya, vimetoka kwenye boksi juzi. Nimemwacha. Hajui afanye nini na mikono yake.

Na mimi sijui nifanye nini na mdomo wangu, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Usicheke kwamba naandika Kiswahili. Kinyarwanda ndicho nilichokulelea, nikakukemea nacho na kukubembeleza nacho, lakini kuandika nilifundishwa Karagwe, darasa la kwanza mpaka la saba, na mwalimu aliyetupiga rula kwenye vidole kwa kila herufi iliyokaa vibaya. Mpaka leo nikishika kalamu mkono unarudi Tanzania wenyewe. Tena ni vizuri usome jambo hili kwa lugha utakayofanyia kazi, maana ni jambo la kazi.

Sitakuandikia habari za kula, kufunga mlango na kujihadhari na watu wa stendi. Hayo nimeyasema tangu Jumatatu mpaka ukaziba masikio. Una miaka ishirini na sita. Ukilala njaa Dar es Salaam, huo ni uvivu wako.

Niache kwanza nijisifu kidogo, kwa sababu nikianza na jambo lenyewe kalamu itakataa.

Soko zima la Gisenyi linajua unaondoka kesho alfajiri. Nani amewaambia? Mimi. Nilianza na wauza nyanya, nikaenda kwa wauza sambaza, wale visamaki vya ziwani, nikamalizia kwa mafundi cherehani ambao hata sikuwa na nguo ya kushona. Nikawaambia, "Binti yangu amechukuliwa na redio ya Dar es Salaam. Kutangaza mpira. Siyo salamu, siyo matangazo ya vifo. Mpira, dakika tisini." Yule mama wa nyanya, unamjua, yule mwenye ulimi, akaniuliza, "Kwani huko wanaume wamekwisha?" Nikamjibu, "Hawajaisha, ila wamesikia aliye bora kuliko wao." Watu wakapiga makofi. Nikazidisha hapo, nikasema watakupa nyumba yenye kiyoyozi. Hilo niliongeza mwenyewe. Wakikupigia simu kukuuliza, waambie kinafanya kazi vizuri.

Ndivyo nilivyo. Nimejisifia karoti zangu, kabichi zangu, meno ya baba yako, lakini zaidi nimejisifia wewe. Tena ulinipa sababu mapema. Ulikuwa na miaka tisa, likizo, nimekuleta sokoni kwa kuwa hapakuwa na wa kukuangalia. Ukapanda juu ya gunia, ukashika karoti mdomoni kama maikrofoni, ukaanza: "Mama Solange anachukua kabichi, anaigeuza, anamwonyesha mteja... mteja anapiga chenga! Anarudi nyuma! Mama Solange anakaba, anakaba, hampi nafasi... lo, mteja ametoka nje ya uwanja! Ni mpira wa kurusha!" Watu waliacha biashara zao wakaja kusikiliza. Yule mteja mwenyewe alirudi akicheka, akanunua. Baba yako nilipomsimulia akatikisa kichwa na Kiswahili chake cha Goma: "We Mama Solange, ule mutoto usimutume kwa hospitali. Wagonjwa watakufa na kicheko." Maana mimi nilikuwa nimeshatangaza mtaa mzima kwamba utakuwa nesi. Nilikuwa nimetangaza miaka miwili kabla hujajua kuandika jina lako.

Siku uliyoniambia hutaki unesi unataka redio, sikulala vizuri. Siyo kwa sababu yako. Nilikuwa nafikiria nitawaambia nini watu. Hilo ni kosa langu la kwanza na ni dogo, nimelitaja ili mkono upate joto.

Sasa jambo lenyewe.

Jumanne uliongea kwenye simu na yule bwana wa Dar es Salaam, uko barazani, mimi niko ndani nakunja nguo zako. Simu uliiweka sauti ya nje kwa sababu spika yako ya sikio imeharibika, kwa hiyo nilisikia yote, na hata ningekuwa mbali ningesogea. Alikuwa mtu mpole. Alisema sauti yako wameipenda. Kiswahili chako kimewashangaza, na mimi ndani nikanyoosha shingo, maana Kiswahili kile ni changu. Halafu akasema, "Lakini dada, kuna kitu tumekiona kwenye rekodi zako zote. Goli likiingia, mashabiki wanalisema kabla yako. Unalichelewa. Sekunde moja, wakati mwingine mbili. Kwenye redio hizo ni nyingi mno. Hii miezi mitatu ya majaribio tutaangalia hilo tu."

Ukasema, "Nimekuelewa kaka, nitarekebisha." Ukakata simu. Ukaingia ndani, ukakaa kitandani juu ya zile nguo nilizokunja, ukaniambia kwa Kinyarwanda, polepole, kama mtu anayemwambia daktari mahali panapouma: "Mama, siwezi kurekebisha. Naona mpira umeingia, nauona kabisa, lakini mdomo unasubiri. Unasubiri neno liishe. Kila mara nasikia golikipa."

Mimi nikakuambia nini? Nikakuambia, "Inuka, unazikunjakunja nguo." Nikatoka. Nilienda nyuma ya nyumba nikasimama karibu na tangi la maji.

Kwa sababu najua hilo neno lilikuingiaje.

Niache nisimulie tangu mwanzo, hata kama unajua nusu yake. Nusu unayoijua ndiyo mbaya.

Mechi za vijijini redio yenu ya hapa Gisenyi haikuweza kuzirusha kutoka uwanjani. Mtandao wa kule unakuja na kuondoka unavyotaka. Bon, basi, mkatafuta njia. Wewe unakaa studio hapa mjini na maikrofoni. Mtu mwingine anasimama uwanjani na simu sikioni, anakupa maneno makavu: kulia, katikati, kona, nje, faulo. Unayapokea yale maneno na kuyapa nyama. Yule wa uwanjani mlimwita macho. "Leo macho ni nani?" mlikuwa mkiulizana. Mara nyingi alikuwa Bwana Théo, mkubwa wenu wa michezo. Akikosekana yeye, ulinipigia mimi, kwa kuwa nilikuwa Kanzenze au Nyakiriba kila wiki kuchukua karoti na kabichi.

Nilikuwa macho mara tatu kabla ya siku ile, na niseme ukweli, nilikuwa macho mazuri. Nilisema "kulia", neno moja tu, na kwenye redio ya mtu aliyesimama karibu nikasikia: "Anateremka sasa upande wa kulia, anaitazama njia, beki anamfuata hatua kwa hatua..." Mwili ulinisisimka. Neno langu moja lilikuwa limevaa suti. Nilikuwa nataka kumshika kila mtu bega nimwambie.

Sasa ile Jumapili timu yetu ilipocheza fainali ya tarafa. Bwana Théo alikuwa na malaria. Ulinipigia saa sita: "Mama, uko Kanzenze? Nikope macho yako." Nikasema hata ukitaka masikio chukua. Nilisimama nyuma kidogo ya goli la wapinzani, karibu na kona, mahali ambapo mtu mwenye akili angesimama. Pembeni yangu alikuwepo Mama Fabrice. Humjui sana, ni yule mfanyabiashara anayevuka mpaka kila siku na vitambaa vya Goma, mwanamke mkubwa mwenye kicheko. Alikuwa na redio ndogo ameishikilia kifuani, anatazama mpira kwa macho na kukusikiliza wewe kwa masikio. Watu wengi pale walifanya hivyo. Mpira waliuona, lakini walitaka wewe uwaambie.

Mpaka dakika ya themanini, bila bila. Wewe ulikuwa unawaka. Mama Fabrice akanigeukia:

"Huyu mwanamuke wa redio, iko wa wapi? Iko na sauti kama mutu ananiongelesha mi peke yangu."

Solange, ungekuwa wewe ungefanya nini? Wewe labda ungesema asante ukaendelea kuangalia mpira. Mimi nilitoa simu sikioni. Nikaishusha mpaka hapa kifuani. Nikamgeukia mzima mzima, nikaupa uwanja mgongo, nikapiga tumbo langu kofi.

"Ni wangu. Ametoka humu humu."

"Wacha uongo!"

"Kwa Mungu. Muulize mtu yeyote Gisenyi."

"Yoo! We ndiyo ulizaa ule mutoto?" Akanikumbatia, macho yake bado uwanjani juu ya bega langu. Na mimi nikakumbatiwa. Nilikuwa nimejaa, mwanangu. Sijui niseme nini zaidi. Nilikuwa nimejaa mpaka hapa.

Hapo ndipo watu walipopiga kelele. Uwanja mzima, sauti moja. Nikapeleka simu mdomoni kabla ya kugeuza kichwa, nikasema: "Goli! Goli letu!"

Sikusema golikipa, ingawa ndivyo nilivyokuambia jioni ile. Sikia vizuri, narudia kuandika: sikusema golikipa. Hakuna neno ulilolisikia nusu. Nilisema goli, na wewe ukasikia goli, na masikio yako yalikuwa mazima kama ya sungura. Mimi ndiye ambaye sikuuona mpira. Mpaka leo sijui ulipigwa na nani, wala ulitoka mguu gani. Ulikuwa umegonga wavu wa pembeni kwa nje, nusu ya watu walidanganyika kama mimi, ila wao hawakuwa macho ya mtu.

Halafu kuna jambo jingine, na hili ndilo linaloninyima usingizi kuliko hilo.

Nilipogeuka, golikipa alikuwa anaweka mpira chini apige goli kiki. Nilielewa mara moja. Simu iko mkononi, wewe uko upande wa pili. Ningesema "hapana", neno moja, ungelirekebisha hewani kwa utani, watu wangecheka, yangekwisha. Nilikuwa na muda. Lakini redio ya Mama Fabrice ilikuwa imekwishaanza. Wewe ulikuwa umelivuta lile goli. Ulikuwa unalipandisha, unalishusha, hupumui, na Mama Fabrice alikuwa amefumba macho, machozi yanamtoka, anatikisa kichwa. Mwanamke aliyeuona mpira ukitoka nje kwa macho yake mwenyewe! Alifumba macho asiuone, akakuamini wewe. Na mimi nikanyamaza. Nilitaka umalize. Sijawahi kusikia kitu kizuri vile kutoka kwa mtoto wa mtu yeyote, na nilitaka kiendelee.

Ulipomaliza ukarudi kwangu kwenye simu, unahema: "Nani amefunga, Mama? Nipe jina. Mama! Nani?"

Sikuwa na jina.

Mtandao haukukata, Solange. Niliubonyeza mimi. Kidole hiki hiki kinachoshika kalamu.

Mengine unayajua kuliko mimi. Hapa mjini watu walikuwa wamemwagika barabarani, pikipiki zinapiga honi kutoka stendi mpaka ufukweni, na dakika tano baadaye mtu akapiga simu studio kusema hakuna goli, ni bila bila; baadaye zikaja penalti, tukafungwa. Nilipofika nyumbani na karoti zangu ulikuwa umekaa hapa, kwenye kiti hiki nilichokalia sasa. Ukaniuliza, "Mama, ulisema nini pale?" Nilikuwa na njia nzima ya kutoka Kanzenze kufikiria jibu, na nililokuwa nimeliandaa ni hili: "Nilisema golikipa ameokoa. Kumbe mtandao umekata katikati? Pole, mwanangu."

Ukaniamini. Hukuuliza mara ya pili. Ukaniambia, "Usijali, Mama, si kosa lako." Ukainuka ukanichemshia chai.

Kesho yake nilikusikiliza hewani ukiomba radhi: "Nilisikia nusu ya neno nikalitangaza kama neno zima. Kosa ni langu peke yangu." Sauti haikutetemeka hata kidogo. Watu sokoni walisema, "Mtoto wako ana heshima," na mimi nikasema, "Nimemlea." Unasikia? Nikasema nimemlea.

Wakakutoa kwenye mpira msimu mzima. Ukawa unasoma matangazo ya vifo saa moja na nusu, na unajua, uliyasoma vizuri, watu walisema wanatamani utangaze cha kwao. Vijana wa mtaani wakakupa jina. Ulikuwa ukipita wanasema, "Golikipa! Leo nani kafunga?" Mmoja nilimtupia kabichi. Kabichi nzuri kabisa, ilimpata mgongoni. Akageuka akaniuliza, "Mama, na mimi nimefanya nini?" Nikaenda kuiokota kabichi yangu, kwa sababu aliyestahili kupigwa nayo ni mimi.

Na Bwana Théo akalifanya somo. Kila mtangazaji mpya anayekuja anaambiwa habari zako, anaambiwa: subiri neno liishe. Wewe mwenyewe uliliandika kwenye jalada la daftari lako la mechi. Nimeliona kila nilipopangusa meza. Subiri neno liishe. Walipokurudisha kwenye mpira ukaanza kusubiri, hata siku ulipokaa uwanjani mwenyewe, bila macho ya mtu. Mpira unaingia, watu wanaruka, na wewe unasubiri nusu nyingine ya neno ambayo haikuwahi kuwepo. Mimi niliisikia ile sekunde kabla ya yule bwana wa Dar es Salaam. Niliisikia mechi ya kwanza tu. Nikajiambia utazoea.

Nilitaka kukuambia. Siku ya kwanza ya matangazo ya vifo nilifika mpaka getini kwenu redioni, nikamkuta mlinzi, nikamwambia mimi ndiye mama wa Solange, na akasema, "Aa, yule wa golikipa!" Nikamgombeza robo saa na nikarudi nyumbani. Siku nyingine ulikuwa na homa. Siku nyingine ulikuwa na furaha, nikaona haya kukuharibia. Daima kuna siku isiyofaa. Baba yako aliniuliza mara moja tu, tunakula: "Siku ile, mtandao ilijikata, ao kuna mutu aliikata?" Nikaanza kumsimulia bei za karoti. Hakuuliza tena, lakini alinitazama. Ni mtu wa maneno machache yule, anakutazama tu mpaka chakula kinakosa chumvi.

Sasa sijui kama ninakusaidia. Hapo ndipo ninaposhindwa kabisa. Mimi nikiona gunia limepasuka nashona, nikiona mteja anaondoka namwita, lakini hili silioni pa kulishika. Nikinyamaza, unapanda basi na lile neno mdomoni, unafika kule, miezi mitatu wanakusikiliza ukichelewa, na wanakurudisha. Nikisema, labda mdomo utafunguka. Au labda utafika pale, utashika maikrofoni, na badala ya golikipa utakuwa unanisikia mimi. Mama yako, amegeuza mgongo. Huenda hilo likawa zito zaidi. Huenda usimwamini tena mtu anayekuambia amekiona kitu. Nimegeuza hili kulia na kushoto tangu Jumanne na hakuna upande lisikouma.

Nimeona tu kwamba makosa ni mali ya mtu, na hili ulikuwa unalibeba bila kuwa lako. Nilikuacha ulibebe miaka miwili kwa kuwa lilikukaa vizuri kuliko mimi. Wewe uliomba radhi vizuri. Mimi nisingeweza. Niliona jinsi watu walivyokuheshimu kwa kuomba radhi, nikajisifu hata kwa hilo.

Kuhusu kutangaza sina cha kukufundisha. Mimi najua maneno sita: kulia, kushoto, katikati, kona, nje, faulo. Na la saba nililitumia vibaya. Lakini nakuambia jambo moja ninalolijua kwa sababu nilikuwepo. Masikio yako hayakukosea. Ulipewa neno zima, ukalichukua papo hapo, bila kusubiri hata punje, na ukalifanya mwanamke mzima afumbe macho uwanjani. Huo ndio ulikuwa mdomo wako kabla sijauharibu. Haukuwa na haraka, haukuwa na kosa. Ulimwamini mtu asiyefaa, basi. Huko uendako utakaa juu kwenye kibanda chenu na mpira utauona mwenyewe, hakuna macho ya kukopa. Ukiuona umeingia, umeingia.

Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie. Ukitaka kuwaambia Bwana Théo na redio nzima, waambie, au nipe ruhusa niende mwenyewe. Nitawaambia hata sokoni. Nimefikiria hilo. Nimemfikiria yule mama wa nyanya na ulimi wake, lakini nitasema. Usiseme tu "usijali, Mama". Nakuomba hilo. Chochote, ila siyo hilo, na usinichemshie chai.

Nilikuwa nimepanga kuikunja barua hii niiweke chini kabisa ya begi, katikati ya mashuka, uje uikute ukishavuka mpaka wa Rusumo, mahali ambapo huwezi kurudi kunifokea na mimi siwezi kuuona uso wako. Nilijiambia ni kwa faida yako, usome kwa utulivu. Unaona jinsi akili yangu inavyofanya kazi.

Nasikia lango. Umerudi mapema, goti la shangazi lazima limepona. Unaongea na baba yako.

"Papa, Mama iko wapi?"

"Iko ndani. Anaandika tangu saa tisa. Mi naogopa kuingia."

Umeingia. Umesimama mlangoni, mkoba bado begani, umenitazama, umeuliza kwa nini macho yangu ni mekundu. Nimekuambia ni vitunguu. Umesema sawa, umeenda kunawa miguu.

Solange, hakuna vitunguu hapa mezani. Hakuna hata kisu. Nimekudanganya tena, sasa hivi, na wino haujakauka. Ukitoka kunawa nitasimama, nitakushikisha karatasi hizi mkononi, na sitatoka chumbani.

Mama yako